Jioni Melini: Uvae Nini Ukitoka Kisii au Nyamira

Kila mwaka wazazi kutoka Kisii na Nyamira hupanda ndege kwenda kuwaona watoto na wajukuu Marekani. Jamii kubwa ya Abagusii, watu wa sehemu hizo, imejenga makao Minnesota, hasa Minneapolis na mji jirani wa Brooklyn Park, na wengine wako Texas, New Jersey na Georgia. Baridi ya Januari inapozidi huko, kuna familia zinazoshuka kusini na kupanda meli ya kitalii kwenda visiwa vya Karibi. Mzazi aliye mgeni hulipiwa nafasi yake, aende pamoja nao. Kabla ya safari simu hupigwa nyumbani: "Mama, usisahau nguo nzuri za jioni."

Simu ikikatika, Mama hubaki na maswali. Nguo nzuri ni zipi? Je, suti ya Baba aliyoivaa kwenye harusi ya bintiye itafaa, au ni lazima anunue nyingine? Kitenge kitakubalika? Na kama ameizoea sketi na blauzi yake, atazuiwa mlangoni?

Maswali haya yanastahili majibu ya wazi, kwa sababu kutojua kunagharimu. Wapo wanaochukua mkopo wa chama ili wanunue mavazi watakayovaa mara moja tu. Wapo pia wanaofika bila chochote cha jioni, wakajifungia chumbani kwa aibu huku jamaa zao wakiwa mezani. Hakuna haja ya moja wala jingine. Jioni nyingi melini ni za nguo za kawaida. Zile chache zilizo rasmi zinatoshelezwa na nguo ambazo mtu wa kwetu huvaa kwenda kanisani au harusini. Kinachotakiwa ni kujua mapema jioni ipi ni ya nguo zipi, kisha kufunga sanduku kwa mpango.

Jioni za aina tatu

Mchana melini mtu huvaa apendavyo: kaptura, tisheti, raba, rinda jepesi. Mambo hubadilika jioni, kuanzia kama saa kumi na mbili, watu wanapojiandaa kwa chakula na maonyesho. Mavazi ya jioni hiyo hutangazwa katika ratiba ya siku, ambayo huachwa chumbani au huonekana kwenye programu ya simu ya meli husika. Tangazo huwa kwa Kiingereza, na maneno ya kuyajua ni machache.

Ukiona neno Casual, hiyo ni jioni ya nguo za kawaida zilizo safi na nzima. Ndiyo aina inayopatikana kwa wingi katika meli za Karibi.

Ukiona Smart Casual, unadhifu umepanda ngazi moja. Mwanamume huvaa suruali ya kitambaa na shati lenye kola, mwanamke huvaa rinda, au sketi na blauzi iliyopigwa pasi. Tai haihitajiki.

Ukiona Formal, Gala au Elegant, hiyo ni jioni rasmi. Mwanamume huvaa suti au angalau koti na shati la kola, mwanamke huvaa gauni au vazi la heshima analolivaa kwenye sherehe. Katika meli nyingi jioni hizi ni moja au mbili tu kwa safari ya wiki nzima.

Kampuni hazifanani

Kosa la kwanza la kuepuka ni kudhani kwamba meli zote zina kanuni moja. Desturi ya kubadilisha nguo kwa chakula cha jioni ilitoka kwenye meli za zamani zilizovusha abiria kati ya Ulaya na Marekani, ambako wenye tiketi za daraja la kwanza walikula wakiwa wamevalia rasmi kabisa. Safari za kitalii zilipowafikia watu wa kipato cha kawaida, kampuni nyingi zililegeza desturi hiyo, na nyingine zikaishikilia.

Carnival, iliyoanza mwaka 1972 na yenye makao yake Florida, ni miongoni mwa zilizolegeza. Safari yake ya siku mbili hadi tano huwa na jioni rasmi moja, na ya siku sita au zaidi huwa na mbili. Jioni nyingine zote ni za kawaida. Hata katika hizo rasmi, suruali ya kitambaa na shati la kola vinamtosha mwanamume, na koti ni hiari yake.

Royal Caribbean hufuata mtindo unaokaribiana na huo: safari fupi ina jioni rasmi moja, ya wiki ina mbili au zaidi kidogo, na zilizobaki ni za kawaida au za unadhifu wa kati.

Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa kumwachia abiria uhuru wa saa ya kula na vazi la kula. Huko hakuna jioni rasmi ya lazima. Anayetaka kuvaa suti anavaa, asiyetaka anakula na nguo zake nadhifu za kawaida.

Cunard, yenye meli ya Queen Mary 2, ndiyo iliyobaki karibu zaidi na desturi ya kale. Kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria wanatarajiwa kuvaa nadhifu. Katika jioni za Gala mwanamume huvaa suti nyeusi au ya rangi iliyokoza pamoja na tai, na vazi rasmi la taifa la mtu pia linakubaliwa. Asiyetaka kuvaa hivyo ana kumbi chache maalumu za kukaa na kula jioni hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata soksi, muulize mwanao jina la kampuni, urefu wa safari na idadi ya jioni rasmi. Mwombe asome ukurasa wa mavazi kwenye tovuti ya kampuni hiyo mwezi mmoja kabla ya safari, kwa kuwa kanuni hubadilishwa mara kwa mara.

Mpaka wa nguo za kawaida

Kawaida haimaanishi chochote kile. Ukumbi mkuu wa chakula una mambo unayoyakataa hata katika jioni iliyolegea kuliko zote: nguo za kuogelea, kanzu za bafuni, vesti za wanaume zisizo na mikono, kaptura za mazoezi, kandambili na chepeo. Kutembea bila viatu pia hakuruhusiwi. Jinzi zinakubalika katika kampuni nyingi mradi hazijachanika. Hata zilizochanwa kwa mtindo ni bora uziache.

Kwa Baba, vazi salama la jioni ya kawaida ni suruali ya kitambaa au jinzi nzima, shati lenye kola au tisheti ya polo, na viatu vilivyofungwa. Baadhi ya kampuni, Carnival ikiwemo, huruhusu kaptura nadhifu katika jioni za kawaida. Mzee ambaye hajawahi kuvaa kaptura mbele ya wakwe na wajukuu halazimiki kuanza huko. Suruali yake haitamfanya aonekane amekosea.

Kwa Mama, rinda linalofika magotini au chini yake linatosha kabisa. Sketi na blauzi, suruali ya kitambaa au kitenge kilichoshonwa pia ni sawa. Kilemba kichwani hakina tatizo, wala mtandio wa dini. Leso itumike kufunika mabega. Isifungwe kiunoni juu ya nguo ya kuogelea kisha ikaingizwa mezani.

Watoto hufuata kanuni zilezile, ingawa wahudumu huwa wapole kwao. Kijana wa miaka 15 anayetaka kula na chepeo yake aambiwe mapema, ili asiaibike mlangoni mbele ya watu.

Kuhusu kofia, wazee wengi wa kwetu hawatoki bila marvin au kofia ya ukingo. Zoea kuishika mkononi: ivae nje sitahani, ivue ukifika ukumbi wa chakula. Mkongojo wa kutembelea unaruhusiwa na utakusaidia meli ikiyumba. Rungu liache nyumbani, kwa sababu litahesabiwa kuwa silaha na litachukuliwa kwenye ukaguzi.

Ukichoka kubadilisha nguo

Hakuna anayelazimishwa kuingia ukumbi rasmi. Karibu kila meli kubwa ina bufe ambako abiria hujipakulia, na huko jioni yoyote, hata iliyo rasmi, nguo za kawaida zinakubalika. Katika meli za Carnival bufe iko kwenye sitaha ya Lido. Katika meli za Royal Caribbean inaitwa Windjammer. Chakula chake kimeshalipiwa katika nauli, sawa na kile cha ukumbi mkuu. Unaweza pia kuagiza chakula chumbani, ila uliza kwanza kama kinatozwa, maana kampuni hutofautiana.

Mzazi ajue jambo hili mapema, kwa sababu linampa uhuru. Akiwa amechoka baada ya kutembea kisiwani mchana kutwa, anaweza kumwambia mwanae, "Leo nitakula kule juu," bila kuona kwamba ameiharibia familia jioni. Watoto nao wasimlazimishe. Lakini akiwa na nguvu, jioni rasmi ina raha yake: ndiyo siku ambayo familia nzima hupendeza pamoja, na meza huandaliwa vizuri zaidi.

Siku hiyo wapiga picha wa meli husimama kwenye ngazi na kuwapiga abiria picha. Kupigwa hakutozwi, lakini picha huuzwa, na bei yake si ndogo. Unaweza kupigwa kisha usinunue. Unaweza pia kumpa mjukuu simu awapige picha mahali palepale.

Baridi iliyo ndani, joto lililo nje

Watu wa milimani tunaijua baridi ya jioni. Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za chai za Nyamira ziko juu zaidi. Kufikia saa moja usiku kila mtu ameshika sweta lake. Karibi ni kinyume: nje ni joto na unyevu mchana na usiku. Ndipo mgeni hudanganyika, akaliacha sweta Minnesota.

Ndani ya meli viyoyozi huwashwa bila kupumzika. Ukumbi wa chakula na ukumbi wa maonyesho hupoa kiasi cha kumtetemesha aliyevaa rinda la mikono mifupi, na mtu hukaa humo saa mbili au tatu. Kwa hiyo beba sweta jepesi au koti la kitambaa laini kwa Baba, na sweta la vifungo, mtandio au leso kwa Mama. Lile koti zito la theluji libaki nyumbani kwa mtoto. Halitakuwa na kazi yoyote na litajaza sanduku.

Sitahani kuna upepo mkali, hasa meli inapokwenda. Sketi pana na nyepesi hupeperuka, kofia huruka na kupotea baharini. Sketi nzito kidogo au rinda la kubana kiasi linamfaa zaidi Mama anayetaka kusimama kwenye kingo aone jua likitua.

Viatu navyo vifikiriwe. Meli huyumba, na sakafu ya sitaha huwa na maji. Visigino virefu na vyembamba ni hatari kwa mtu wa umri mkubwa. Chagua kisigino kifupi na kipana, au kiatu bapa chenye soli isiyoteleza. Usivae kiatu kipya kwa mara ya kwanza melini. Kivae kwanza nyumbani, ukitembea nacho hadi kanisani na kurudi, ili kama kinabana ujue mapema.

Sabato, vito na heshima ya mtu

Waadventista ni wengi Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa mapema karne ya 20, na kwao mavazi ya jioni melini yanagusa imani. Jioni rasmi hupangwa na meli. Inaweza kuangukia Ijumaa baada ya jua kutua, Sabato ikiwa imeshaingia, na kuambatana na muziki na vinywaji. Mzazi asiyetaka kuwa katikati ya sherehe hiyo ana njia ya heshima: familia inaweza kula mapema, au kula kwenye bufe, kisha wakawa na ibada yao chumbani. Ofisi ya huduma kwa abiria inaweza pia kuulizwa kama kuna ukumbi mdogo unaoweza kutumika Jumamosi asubuhi.

Vito ni jambo la pili. Wapo wanaodhani gauni la jioni haliwezi kukamilika bila mkufu na hereni. Hakuna kampuni ya meli inayodai vito. Gauni safi, nywele zilizotengenezwa na viatu vilivyosuguliwa vinatosha. Na anayependa vito avae vya bei ndogo, vya thamani viachwe nyumbani au vifungiwe kwenye sefu ndogo iliyo chumbani.

Gauni la jioni pia si lazima liwe la mgongo wazi au la mpasuo mrefu. Mama aliyezoea kufunika mabega na magoti atawakuta wanawake wa mataifa mengi waliovaa kama yeye. Kitenge kilichoshonwa vizuri, kirefu, pamoja na kilemba chake, kinaingia jioni rasmi bila shaka yoyote. Ni vazi la sherehe kwetu, na watu wengi melini watalitambua hivyo. Kwa Baba, shati la kitenge lenye kola juu ya suruali nyeusi linafaa jioni za kawaida na za unadhifu wa kati. Jioni ya Gala katika kampuni kali, aongeze koti au avae suti.

Anza na kabati, kisha nenda sokoni

Fungua kabati kabla ya kufungua kibeti. Suti ya kanisani, ile nyeusi au ya buluu iliyokoza, ndiyo suti ya jioni rasmi. Ikiwa imelegea kiunoni au inabana mabegani, mpelekee fundi cherehani airekebishe. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya suti mpya. Gauni la harusi ya mwaka jana linatosha.

Kama kweli kuna kinachokosekana, masoko yetu yana vya kutosha. Daraja Mbili mjini Kisii kuna mitumba ya kila namna, na anayefika asubuhi na mapema hupata makoti na mashati mazuri kabla hayajachaguliwa. Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, huwahudumia watu wa kaunti zote mbili. Ukichagua koti la mitumba, angalia kwapa na kola kwa mwanga wa jua, vuta vifungo, na ujaribu kukaa ukiwa umelivaa, si kusimama tu. Meza ya chakula ni saa mbili za kukaa.

Anayeshona kitenge apeleke kitambaa kwa fundi angalau wiki tatu kabla, hasa Desemba, mafundi wanapolemewa na kazi za Krismasi na harusi. Kifuliwe mara moja kabla ya safari. Kitenge kipya hutoa rangi, na bafu ya chumba cha melini si mahali pa kugundua hilo, shati jeupe la Baba likiwa pembeni.

Kwa safari ya usiku saba yenye jioni rasmi mbili, Baba anahitaji suti moja, tai moja, suruali mbili za kitambaa au moja na jinzi, mashati manne ya kola, sweta jepesi, viatu vyeusi na raba. Mama anahitaji vazi moja la jioni rasmi, marinda mawili, sketi moja na blauzi mbili, sweta au mtandio, na jozi mbili za viatu. Suti hiyo hiyo itavaliwa jioni zote mbili rasmi, ikibadilishwa shati tu. Vivyo hivyo gauni, likibadilishwa mtandio. Hakuna anayehesabu.

Kufunga sanduku

Siku ya kupanda meli, masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi bandarini na kuletwa chumbani baadaye, wakati mwingine jioni kabisa. Kwa hiyo nguo za jioni ya kwanza, dawa, miwani na pasipoti vikae kwenye begi la mkononi. Jioni hiyo ya kwanza kwa kawaida si rasmi, kwa sababu masanduku ya watu bado yako njiani.

Pasi ya umeme hairuhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto, na ikipatikana kwenye ukaguzi itahifadhiwa mpaka mwisho wa safari. Baadhi ya meli zina vyumba vya kufulia vyenye pasi. Nyingine zina huduma ya kufua na kupiga pasi kwa malipo. Njia rahisi ni kuchagua vitambaa visivyokunjamana upesi na kuviringisha nguo badala ya kuzikunja. Shati lililokunjamana litundike bafuni wakati wa kuoga maji moto, mlango ukiwa umefungwa, mvuke hulinyoosha. Bafu nyingi pia zina kamba ndogo ya kuanikia iliyofichwa ukutani juu ya sehemu ya kuogea.

Suti isafiri ndani ya mfuko wake, na isiwekwe sanduku moja na unga wa wimbi unaopelekewa wajukuu. Mfuko wa unga ukipasuka njiani, kuutoa kwenye kitambaa cheusi ni kazi ya siku nzima.

Kuna nguo moja isiyopaswa kabisa kuingia sandukuni: yenye mabaka ya jeshi. Barbados, Jamaika, Saint Lucia na nchi nyingine za Karibi zinakataza kisheria raia kuivaa, hata kama ni ya mtoto, hata kama ni kofia au begi. Mkenya hatashangaa, kwani hapa nyumbani pia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo humletea mtu matatizo na vyombo vya usalama.

Kijana anayeenda kufanya kazi melini

Meli za kitalii huajiri Wakenya pia, na vijana wa Kisii na Nyamira huulizia nafasi hizo. Kwao suala la mavazi ni tofauti. Mfanyakazi huvaa sare anayopewa na kampuni, na saa za jioni, abiria wanapokula, ndizo saa zake za kazi nyingi. Mara nyingi atakachonunua mwenyewe ni viatu vyeusi visivyoteleza, na barua ya ajira humwambia.

Akitokea wakala anayedai pesa ili amtafutie mtu kazi, au "ada ya sare" kabla ya mkataba wowote kuonekana, kijana asimame hapo hapo. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza mawakala kumtoza baharia ada ya kupata kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Mawakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, na ni haki ya kijana kuuliza huko kama wakala huyo anatambuliwa.

Jahazi za jioni Mombasa

Si lazima mtu afike Karibi ili akutane na swali la vazi la jioni juu ya maji. Familia nyingi hushuka Mombasa Desemba, na huko kuna jahazi zinazowabeba wageni kwa chakula cha jioni. Hapo suti haitakiwi. Shati jepesi la pamba lenye kola, suruali ya kitambaa, rinda au dera, na viatu bapa vinatosha. Sakafu ya chombo ni ya mbao na vipandio huwa vifupi, kwa hiyo visigino virefu ni hatari. Leso ya kujifunika upepo unapovuma itafaa. Ukishuka katika mitaa ya Mji wa Kale, funika mabega na magoti kwa heshima ya wenyeji.

Maswali yanayoulizwa sana

*Nikikosea vazi, nitafukuzwa?* Hapana. Mhudumu atakueleza kwa upole mahali unapoweza kula ukiwa hivyo, au atakuomba ukabadilishe. Chakula hukikosi.

*Ninaweza kukodi suti melini?* Baadhi ya kampuni zina mpango wa kukodisha, lakini huagizwa kabla ya safari. Suti yako ya kanisani ni nafuu zaidi.

*Je, ni vibaya kuvaa nguo moja jioni mbili?* La. Iwe safi tu.

*Baada ya chakula nibaki na suti mpaka nilale?* Katika meli nyingi unaweza kubadilisha ukavaa nguo za kawaida nadhifu. Katika meli za Cunard, kumbi nyingi hutarajia ubaki na vazi la jioni usiku wote.

Kabla ya kutumia shilingi

Mpigie mwanao leo, umuulize mambo matatu: ni kampuni gani, ni usiku ngapi, na jioni rasmi ni ngapi. Andika majibu, kisha simama mbele ya kabati na karatasi hiyo mkononi. Watu wengi watakuta kwamba karibu kila kitu wanacho, na kinachobaki ni kazi ya fundi na sabuni. Pesa ambayo ingenunua suti ya pili iende kwenye karo ya mtoto, au ibebwe ikamnunulie mjukuu kitu kisiwani. Wewe nenda mezani, ukae na watoto wako. Wamekulipia safari ili wawe nawe.